Mbao za Besi Kwenye Uchaga wa Nyanya

Ndugu yangu alipoanza kuzungumza habari za Nairobi, mimi nilikuwa nikishona magunia Kariandusi. Wanaume walichimba udongo mweupe kilimani, ukakaushwa na kusagwa, nasi wanawake wachache tukashona midomo ya magunia kwa sindano ndefu na uzi wa katani. Udongo ule ni mwepesi kuliko unga. Uliingia katika nywele, masikio na hata chakula. Jioni nilirudi kwenye nyumba zetu za laini, za wafanyakazi, nikiwa mweupe hadi kope, na nyanya akanipiga-piga kwa leso mlangoni kabla hajaniruhusu kuingia.

Mimi ndimi kifungua mimba. Baba alifariki kwanza, mama akamfuata, nami nikaacha shule nikiwa darasa la nne kwa sababu mtu alihitajika kuleta unga nyumbani. Tulibaki watatu: mimi, ndugu yangu, na nyanya aliyemzaa mama. Mama hakuniachia maneno mengi. Alisema tu, "Msitawanyike." Nilidhani ni jambo rahisi. Sikujua kwamba mtoto wa kiume huota miguu kabla ya akili.

Alijifunza gitaa kwa kuazima. Popote palipokuwa na gitaa katika laini ile, alijisogeza hadi akapewa. Lakini hakupiga kama wengine. Nyuzi nyembamba aliziacha, akashughulika na zile nene za juu kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Nyanya alimwuliza mbona gitaa lake halichangamki. Akasema, "Nyanya, hii ndiyo sauti inayoshika nyumba isianguke."

Rafiki yake alikuwa turniboi, msaidizi wa dereva, katika lori lililobeba magunia yetu kwenda Nairobi. Huyo ndiye aliyemtia wazimu. Kuna hoteli, alisema, inatafuta mtu wa bendi, nayo itangoja mpaka mvua zianze. Nairobi ya wakati ule haikuwa mahali pa kijana kuzurura akitafuta bahati. Kulikuwa na pasi za kuonyesha, kulikuwa na askari kila njia panda, na vijana wa laini yetu waliokwenda kutafuta kazi hawakusikika tena. Mama zao walisimamisha kila lori kuuliza. Mimi sikutaka kusimamisha malori. Nilitaka ndugu yangu alale mahali nilipoweza kusikia akikoroma.

Nakuru palikuwa na bendi iliyopigia watu dansi ukumbini kila Jumamosi. Kiongozi wake alikuwa mshonaji wa nguo, na siku niliyompeleka ndugu yangu kwake alimsikiliza huku mdomo umejaa pini. Alipozitoa akasema, "Kijana, mkono unao. Lakini magitaa ninayo, yanagombana kama wake wenza. Nisichonacho ni besi. Tulikuwa na lile sanduku la chai lenye kamba moja, watu wakawa wanalicheka kuliko kulicheza. Nitafutie besi ya kweli, nafasi ni yako."

Ndiyo maana tukaenda kwa fundi mmoja seremala hapo Nakuru.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko, upande wa reli. Kazi yake ya kila siku ilikuwa vitanda, milango na majeneza, lakini ukiinua macho uliona magitaa yamening'inia kwenye boriti kama popo, mengine hayana shingo, mengine hayana kifua. Kulikuwa na harufu ya mwerezi uliopigwa randa na ya gundi iliyochemka katika mkebe, gundi ya ngozi na kwato, ambayo kwa kweli inanuka vibaya. Fundi alikuwa mtu mkubwa, mwenye tumbo na sauti ya kuvukia barabara. Aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni.

"Karibuni. Huyu dada amemwagikiwa na unga?"

"Ni udongo wa Kariandusi," ndugu yangu akasema. "Hata aoge vipi, hautoki."

"Basi asiisogelee gundi yangu, itageuka uji. Haya, mnataka nini? Kitanda?"

"Besi," nikasema.

Akaweka randa chini. "Besi ya sanduku au besi ya kweli?"

"Ya kweli."

"Ya mumeo?"

"Ya ndugu yangu. Sina mume."

"Ahaa," akasema, na ndugu yangu akacheka, nami nikamkanyaga mguu.

Fundi alituambia kwamba besi aliiona akiwa jeshini ng'ambo, kubwa, yenye makalio kama mama mwenye nyumba, ikipigwa na mtu aliyesimama. Yeye hangetengeneza hiyo. Angetengeneza gitaa la kukalia nalo, lenye tumbo pana na shingo ndefu, la nyuzi nne nene. Mbili zingetoka katika piano kuukuu aliyonunua kwa mzungu aliyekuwa akihama, na mbili zingesokotwa kwa utumbo wa kondoo. Kondoo huyo ndiye angekuwa malipo pia. Nilikuwa naye mmoja, akamkubali bila hata kumwona.

Kisha akampima ndugu yangu. Sijawahi kuona mtu akipimwa vile, hata kwa suti ya harusi. Alichukua uzi, akapima mkono, kiganja, umbali wa kiwiko na mbavu. Akamkalisha kwenye kigoda, kikawa kirefu, akamtafutia kingine. Halafu akamwambia aimbe kwenda chini, chini, hadi sauti ipotee. Ndugu yangu aliona haya, lakini akaimba. Sauti yake ilishuka, ikakwaruza, ikafa.

"Hapo ulipopotelea," fundi akasema, "ndipo yenyewe itakapoanzia."

Baadaye akanigeukia mimi. "Nyumbani mnapikia kuni au makaa?"

"Kuni."

"Paa la jiko ni la bati au la nyasi?"

"La nyasi. Ni jiko la nyanya, na tunalala humo humo."

"Vizuri sana. Basi mbao zitakwenda kwenu."

Sikuelewa, akanieleza. Karakana yake ilikuwa ya mabati. Mchana mbao ziliungua, usiku ziliganda, na kabla ya mwezi kwisha zilikuwa zimepinda kama mbavu. Kwa hiyo kila aliyetaka gitaa alipewa mbao zake akazikaushe mwenyewe, kwenye uchaga juu ya mafiga, pale zinapokaa mbegu za mahindi. Moshi huzikausha bila haraka. "Na tena," akasema, "gitaa likizoea moshi wa kwao halipasuki likirudi." Akaingia nyuma, akatoka na mbao mbili pana alizozipata kwa wapasuaji wa Kuresoi: podo nyeupe ya kifua na mwerezi mwekundu wa mgongo na mbavu. "Zikae kiangazi chote. Mvua zikikaribia, leteni. Sina nyingine pana namna hii, kwa hiyo mzitunze kama mtoto."

Nilitamani baadaye asingesema hivyo.

Tuliporudi, ndugu yangu alizipanga juu ya uchaga, akamwambia nyanya, "Hizi ndizo za besi. Usizifanye kuni."

"Kuni? Kwani mimi ni mwendawazimu?" nyanya akasema. "Mtoto wa watu nimchome?"

Turniboi alipopita na lori, ndugu yangu alimjibu mbele yangu, ili nami nisikie. "Nangoja mbao zikauke. Zikifaa, nakaa. Zikikataa, nakuja nawe mvua ya kwanza." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei. Tangu siku hiyo kila nikiingia jikoni niliinua macho kwanza kutazama mbao, kisha ndipo nikasalimia.

Kiangazi kilikuwa kizuri. Nyasi zilikauka hadi ziwani Elmenteita, flamingo wakawa wengi, nasi tulishona magunia tukiimba. Ndugu yangu alipata vibarua vya kukata mkonge, akarudi jioni na kugonga mbao kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. "Zinaanza kusema," aliniambia. Nilianza kuamini.

Mawingu yalipoanza kujikusanya upande wa milima ya Aberdare, tukazishusha, tukazifunga kwa gunia, tukapanda basi la asubuhi. Zilikuwa zimebadilika rangi, zinang'aa vizuri, nami nikajivunia. Fundi alifungua gunia, akainama, akanusa. Akanusa tena. Akachovya kidole katika kikombe chake cha maji na kudondosha tone juu ya podo. Tone halikunywewa. Lilikaa juu pale kama ushanga.

"Nani amezipaka mafuta?"

Tukatazamana, mimi na ndugu yangu. Hatukuhitaji kuulizana. Katika nyumba ile hakuna kitu kilichokaa bila mafuta ya mbarika. Nyanya aliyakamua mwenyewe, akapaka vibuyu vya maziwa, vigoda, mipini ya majembe, visigino vyake, masikio yetu tulipokuwa wadogo. Kwake kitu kilichokauka ni kitu kisicho na mwenyewe. Nasi tulikuwa tumemwambia hizi mbao ni za kutunzwa.

"Ni nyanya," nikasema.

"Mara ngapi?"

"Nafikiri kila Jumapili. Akitoka kanisani."

Fundi akakaa juu ya jeneza lililokuwa halijamalizika. Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. "Mwambie nyanya yako amezitunza vizuri sana. Kama ningekuwa natengeneza vigoda, ningemwajiri. Lakini gitaa linashikwa na gundi, dada yangu, na gundi haishiki mafuta. Nikiliunga leo, litapigwa nyimbo mbili halafu kifua kianguke mapajani mwake mbele ya watu."

"Mbao nyingine?"

"Zipo, mbichi. Mpaka kiangazi kingine."

Ndugu yangu alizifunga mbao tena katika gunia, kwa uangalifu, kana kwamba bado zilikuwa na kazi. Katika basi alitazama dirishani tu. Tulipofika Elmenteita akasema, "Usimgombeze nyanya." Jioni hiyo alifua shati lake jeupe na suruali nzuri akazianika, nami nikajua zilikuwa za safari.

Nyanya alipoelezwa alishika kichwa. "Lakini zilikuwa zinalia kwa ukavu! Niliziona kwa macho yangu!"

Siku mbili tatu nilishona magunia bila kuona nilichoshona. Kisha mashine ya kusaga ikavuja oili, kama ilivyokuwa ikivuja kila mara, na nyapara akapiga kelele kama alivyopiga kila mara: "Mwageni poda!" Mmoja wetu akamwaga pishi ya udongo mweupe juu ya oili. Tuliendelea kushona. Baadaye tulipoufagia ulikuwa umegeuka kahawia na kushikana kama mkate, na sakafu chini yake ilikuwa kavu, unaweza kuketi kwa nguo ya kanisani. Jambo hilo nilikuwa nimeliona pengine mara mia. Siku hiyo nilisimama na ufagio mkononi hadi jirani yangu akaniuliza kama nimeona nyoka.

Nilimwendea nyapara, nikaomba poda iliyomwagika na kufagiwa, ile inayotupwa.

"Unataka kupika?"

"Nataka kukausha mbao."

"Mbao zinakaushwa kwa jua, mama."

"Hizi zina nyanya," nikasema, akacheka hadi akanipa magunia mawili.

Tulizilaza mbao uani juu ya magunia, tukazifukia kwa poda kama viazi, juu yake tukaweka mawe yaliyoota jua. Nasema tulizilaza, lakini ndugu yangu hakugusa. Alikaa kizingitini akinitazama. Nyanya alipewa kazi ya kufukuza kuku, akaifanya kwa fimbo na matusi. Jioni poda ilikuwa imebadilika rangi kama maganda ya mkate. Nikaimwaga, nikaweka nyingine.

Siku yangu ya mapumziko nilikata vipande viwili pembeni mwa podo, nikampelekea fundi. Akavikwaruza, akavinusa, akaviunga kwa gundi, akavibana na kuviweka juani. Tulingoja hadi alasiri, yeye akipiga msasa mguu wa kitanda, mimi nikila muhogo. Kisha akaviinua juu na kuvibwaga sakafuni. Viliachana, kila kimoja upande wake.

"Imepungua," akasema. "Haijaisha. Umefanya nini hasa?"

Nikamweleza. Akafikiri sana, akikuna tumbo. "Mimi hiyo poda naitumia kung'arishia. Sijawahi kufikiri inakunywa mafuta. Basi sikiliza. Mafuta yamelala ndani, lazima uyaamshe. Zipashe moto kwanza. Ziweke juu ya bati mchana, zikianza kutoa jasho, ndipo uzifukie. Na usichoke upesi."

Nilirudi na kuanza upya. Jua la kabla ya mvua ni kali. Nilipanda juu ya paa la bati la stoo nikaziweka mbao, zikaanza kutoa jasho kweli, vijitone vidogo vya manjano. Kuzishusha peke yangu kwenye ngazi ilikuwa kazi, mbao ndefu, leso inateleza. Nikasikia mtu akinipokea upande wa chini.

"Achia," ndugu yangu akasema. "Utaanguka, halafu niwe na kazi ya kukuuguza."

"Si unasafiri?"

"Nisaidie kwanza kushika huku. Maneno baadaye."

Tangu hapo tukazifukia wawili, tukazifukua wawili, siku baada ya siku, yeye akazigeuza nilipokuwa kazini. Nyanya alikuja mara moja na kichupa chake nyuma ya mgongo. "Hata kidogo tu, pembeni?" Tukapiga kelele pamoja, akakimbia kama msichana.

Siku tuliyokwenda tena kwa fundi mimi ndimi niliyebeba gunia la mbao. Ndugu yangu alikuwa amevaa lile shati jeupe. Fundi aliunga vipande vingine, tukangoja. Alipovibwaga sakafuni, viliruka, vikagonga ukuta, vikabaki kitu kimoja. Akampa ndugu yangu. "Bwaga wewe, mwenye hasira." Akabwaga kwa nguvu zake zote. Mara hii kilivunjika. Fundi alikiokota, akakivalia miwani, kisha akanionyesha. Podo ndiyo iliyokuwa imepasuka, pembeni kabisa. Pale penye gundi palikuwa pamoja.

"Sasa tunaweza kuzungumza," akasema, na kuchukua randa.

Alichukua muda wake. Nilipita mara mbili nikitumwa Nakuru, nikaona mbavu za mwerezi zikikunjwa kwa mvuke, kisha kifua, kisha shingo ya mzeituni wa porini. Siku ya kulichukua, kiongozi wa bendi alikuja mwenyewe kulisikiliza, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Ndugu yangu akakaa kwenye kile kigoda. Lilikuwa kubwa, lakini mkono wake ulilizunguka kana kwamba lilikua hapo. Akagusa uzi mnene kuliko zote.

Nilisikia kwa miguu kabla ya masikio. Vumbi la mbao juu ya meza likatetemeka, na vifuniko vya majeneza vilivyoegeshwa ukutani vikaitikia.

"Ina sauti ya mtu aliyeshiba," fundi akasema. "Nadhani ni yale mafuta. Kidogo yamebaki."

"Yabaki," kiongozi wa bendi akasema. Akamgeukia ndugu yangu. "Mazoezi Jumanne. Usichelewe, na usije umelewa."

"Hanywi," nikasema.

"Sijakuuliza wewe, mama."

"Mimi ndimi niliyekujibu."

Tulirudi kwenye basi, gitaa likakalia kiti chake, kondakta akalalamika kote njiani. Ndugu yangu hakuniambia kama anakaa au anakwenda. Sikumwuliza. Nilikuwa nimefanya niliyoweza kufanya, na mtu mzima hafungwi kamba.

Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri ya Jumapili, kubwa, yenye harufu ile ya vumbi linalokufa. Kabla haijakatika lori likasimama barabarani, honi ikalia mara tatu. Ndugu yangu alitoka na gitaa kifuani, amelifunika kwa gunia. Moyo wangu ulikwenda naye hadi mlangoni, mimi nikabaki kwenye mafiga nikichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Panda!" turniboi alipaza sauti. "Hilo jeneza la nani?"

"La kwangu. Litakaa wapi?"

"Humu ndani haliingii. Liache, huko yapo mengine!"

"Huko yapo yangu?"

Turniboi akatukana kidogo, kirafiki. Ndugu yangu akacheka. Nikamsikia akisema, "Nenda salama, bwana. Mimi Jumanne nina mazoezi." Injini ikanguruma, lori likapanda mlima likielekea Gilgil bila yeye.

Aliingia akidondosha maji, akasimama katikati ya jiko akitafuta mahali pakavu pa kuweka gitaa. Nyumba ilikuwa ndogo na paa lilivuja upande wa kitanda chake. Akatazama huku na huku, akatandua blanketi langu, akalilaza gitaa juu ya kitanda changu, akalifunika hadi shingoni.

"Na mimi nilale wapi?" nikamwuliza.

"Tutaona," akasema, akavuta kigoda karibu na moto, akanyoosha miguu. "Uji uko tayari?"

Nikamwambia sahani na vikombe viko palepale vilipo kila siku, ajipakulie mwenyewe.